Mwacheni Mwanafunzi Aulize: Michezo ya Maswali ya Wakati Uliopita kwa Walimu wa Kiingereza Songwe

Katika vipindi vingi vya Kiingereza, kuanzia Tunduma mpakani hadi Mkwajuni, mwalimu huuliza na mwanafunzi hujibu. Zamu hiyo ni nadra kubadilika. Matokeo yake anayajua kila mwalimu anayesahihisha madaftari: mwanafunzi anasoma swali la wakati uliopita na kulielewa vizuri, lakini akitakiwa kutunga la kwake anaandika "Did you went to the market?" au "You went where?" Mwalimu anarudi ubaoni, anaandika kanuni upya, darasa linaitikia kwa sauti moja kwamba limeelewa, na juma linalofuata kosa ni lile lile. Ninachotaka kuwashauri walimu wenzangu wa mkoa huu ni kwamba kosa hili haliponi kwa kurudiarudia kanuni. Linapona mwanafunzi anapowekwa mahali ambapo asipouliza hapati anachokitafuta, tena mara nyingi, kipindi baada ya kipindi. Mchezo uliopangwa vizuri ndio unaoweza kumweka hapo bila gharama. Lakini si kila mchezo unaofaa, na makala haya yanahusu namna ya kuchagua, kuendesha na kusahihisha ile inayofaa.

Tuanze na chanzo cha kosa, maana tiba hutegemea chanzo. Mtoto anayekulia Tunduma anazungumza Kiswahili, na mara nyingi nyumbani kuna Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali pia. Katika Kiswahili, "Ulikwenda sokoni" na "Ulikwenda sokoni?" ni maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, sauti tu ndiyo inayotofautiana. Alama ya wakati uliopita inabaki ndani ya kitenzi, iwe unaeleza au unauliza. Kiingereza kinataka kitu kingine kabisa: neno "did" lije mbele, libebe lenyewe wakati uliopita, na kitenzi kikuu kirudi katika umbo lake la asili. Mwanafunzi anayesema "Did you went" amefuata busara ya lugha zake, kwamba kitenzi kilichopita kionekane kimepita. Hana uvivu wala upungufu wa akili. Tena anayo hazina ambayo mwalimu anaweza kuitumia: anapokanusha kwa Kiswahili, "alikwenda" inakuwa "hakwenda", yaani alama ya wakati inabadilika kwa sababu kazi ya sentensi imebadilika. Jambo la kitenzi kubadili sura si geni kwake. Kinachomkosesha ni mazoezi ya kulifanya haraka, mdomoni, akiwa anafikiria habari anayoitaka badala ya kanuni.

Kabla ya mchezo wowote, kuna onyesho la dakika tatu linaloifanya kanuni ionekane kwa macho. Chukua vipande vya katoni kutoka dukani. Kimoja kiandikwe "YOU", kingine "TO NAKONDE", na cha tatu kiwe na sura mbili: upande mmoja "WENT", upande wa pili "GO". Wanafunzi watatu wasimame mbele ya darasa wakiwa wameshika sentensi "YOU WENT TO NAKONDE". Sasa mwite wa nne mwenye kipande cha "DID", aje asimame mwanzoni. Anapofika tu, aliyeshika "WENT" anakigeuza kipande chake kuwa "GO". "DID" akiondoka, "GO" inageuka tena kuwa "WENT". Rudieni mara tano kwa vitenzi tofauti: "saw" na "see", "bought" na "buy", "slept" na "sleep". Wanafunzi wenyewe wataanza kumkumbusha mwenzao aliyesahau kugeuza. Hapo kanuni imepita machoni, na kazi iliyobaki ni kuipitisha mdomoni.

Kwamba kuelewa peke yake hakutoshi, wataalamu wa ufundishaji lugha wamelishuhudia mahali mbalimbali. Huko Canada, Merrill Swain aliwachunguza wanafunzi waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi, na mwaka 1985 akaandika kwamba walikuwa wakielewa Kifaransa vizuri sana lakini sarufi yao ya kuzungumza ilibaki na mapungufu, kwa sababu hawakusukumwa vya kutosha kuzalisha lugha wenyewe. Michael Long na Charlene Sato, mwaka 1983, walilinganisha maswali ya walimu wa Kiingereza darasani na yale ambayo watu huulizana nje ya darasa, wakaona kwamba walimu huuliza kwa wingi maswali ambayo majibu yake wanayajua tayari. Na Manfred Pienemann na wenzake, waliofanya kazi Australia katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba wanaojifunza Kiingereza hupitia hatua zinazofanana katika kujenga maswali: kwanza maneno machache yenye sauti ya kupanda, kisha sentensi ya kawaida iliyopandishwa sauti, halafu neno kama "do" linawekwa mbele, na baadaye sana ndipo linakuja swali kama "Where did you go?" lenye kila kitu mahali pake. Hata watoto waliozaliwa kwenye Kiingereza husikika wakisema "Did I broke it?" kabla hawajakomaa. Mwalimu akiyaweka matokeo haya pamoja anapata mwongozo wa kazi: mwanafunzi azungumze mwenyewe, aulize asichokijua, na maswali ya ndiyo au hapana yatangulie yale ya wapi, lini na nini.

Kutokana na hayo, kila mchezo unaotaka kuuingiza kwenye andalio la somo upimwe kwa maswali matatu. La kwanza, je, anayeuliza anahitaji kweli jibu, au analijua tayari? Mchezo ambao wanafunzi wawili wanasoma mazungumzo yaliyoandikwa ubaoni unapendeza kwa mgeni anayetembelea darasa, lakini hakuna anayetafuta habari yoyote, kwa hiyo hakuna anayejenga swali. La pili, je, umbo la wakati uliopita linajitokeza lenyewe, mara nyingi, kwa kila mwanafunzi? Mchezo ambao watu watano wanacheza na themanini wanatazama ni burudani ya watu watano. La tatu, je, mshindi anapatikana kwa kuuliza vizuri, au kwa bahati na mbio? Mchezo ukishindwa katika lolote kati ya haya, uache hata kama watoto wanaupenda.

Mchezo wa kuanzia ni ule wa kumtambua mtu wa historia, na unafaa kwa sababu unahitaji maswali ya ndiyo au hapana tu. Mwanafunzi mmoja katika kila kikundi anaandika kwa siri jina la mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki: Mwalimu Nyerere, Bibi Titi Mohamed, Mkwawa, Kinjeketile. Wenzake wanayo nafasi ya kuuliza maswali 15: "Did this person fight the Germans?", "Did he live in Iringa?", "Did he die in 1999?" Anayejibu anaruhusiwa majibu mawili tu, "Yes, he did" au "No, she didn't". Katika raundi za kwanza, zuia maswali ya "was" na "were". Yanajengwa kwa kanuni nyingine, na yakichanganywa mapema ndipo unaposikia "Did he was a chief?" Yape siku yao, baada ya "did" kuzoeleka. Faida nyingine ya mchezo huu ni kwamba unakumbusha somo la historia bila kuomba muda wa mwalimu wa historia.

Mchezo wa pili unatoka mlangoni mwa shule zenu. Tunduma ni mji unaoishi kwa maswali ya wakati uliopita. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inavuka hapo, na tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, vina kituo cha huduma za pamoja mpakani. Dereva anayefika huulizwa alikotoka, alichopakia na lini aliondoka. Lete hali hiyo darasani. Andika ubaoni orodha tatu: miji ya njiani upande wa Zambia, yaani Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, Isoka, mizigo, yaani shaba, sukari, mbao, mahindi, na siku za juma. Wanafunzi wa dawati la mbele wageuke wawatazame wa nyuma yao. Wa mbele ni madereva, wa nyuma ni maofisa. Kila dereva anachagua kwa siri na kuandika nyuma ya daftari lake: alianzia wapi, alibeba nini, alilala wapi, alifika Nakonde siku gani, alisafiri na nani. Kila ofisa anachora jedwali lenye nafasi tano tupu. Hana njia nyingine ya kulijaza isipokuwa kuuliza: "Where did you start your journey?", "What did you carry?", "Where did you sleep?", "When did you arrive?", "Who did you travel with?"

Baada ya dakika kumi, mwalimu anatoa tangazo ambalo darasa halikulitarajia: kuna kifurushi kimeokotwa Mpika, mwenyewe ni dereva aliyelala hapo akiwa amebeba sukari na kufika Nakonde Jumapili. Maofisa wanapekua majedwali yao. Anayedhani kampata mwenye kifurushi anasimama na kusoma, na dereva wake anafungua daftari kuthibitisha. Kama ofisa alijaza kwa kukisia badala ya kuuliza, daftari la dereva litamuumbua hapo hapo. Asipopatikana mwenyewe, mwalimu abadilishe siku au mzigo kwenye tangazo, na upekuzi uanze upya. Kisha zamu zinabadilishwa na dereva anakuwa ofisa. Kwa kipindi cha dakika 40 hesabu inakwenda hivi: dakika tano za maelezo, kumi za kuuliza, tano za tangazo, kumi za zamu ya pili, na kumi za mwisho za marekebisho. Hakuna kadi za kuchapisha wala karatasi za kununua, na katika darasa la wanafunzi 90, maofisa 45 wanauliza kwa wakati mmoja.

Maswali ya wapi na lini yakishakaa, mchezo wa mashahidi wawili unapeleka ujuzi mbele zaidi, kwa sababu hapa mwanafunzi hana orodha ubaoni na lazima abuni maswali yake. Darasa linaambiwa kwamba kengele ya shule ilitoweka jana saa nane mchana, na wanafunzi wawili wanasema walikuwa pamoja mahali pengine wakati huo. Wawili hao wanatoka nje dakika tano kupatana: walikwenda wapi, walikula nini, walimkuta nani, walirudi vipi. Wakati huo darasa linaandaa maswali kwa vikundi. Shahidi wa kwanza anaingia peke yake na kuulizwa. Kisha wa pili anaulizwa yale yale. Palipo na tofauti, darasa limeshinda. Hapa wanafunzi wanagundua wenyewe kwamba "Did you eat?" haiwasaidii kitu, ilhali "What did you eat first, and who paid?" inawabana mashahidi. Wakati mmoja anaulizwa mbele, kila kikundi kiandike majibu yake, la sivyo wengi watageuka watazamaji. Na tahadhari moja: tumia neno shahidi, usitumie mwizi, na usiwape watoto wenye historia ya kusingiziwa nafasi ya kusimama mbele.

Mchezo wa nne unageuza utaratibu wa mtihani: mwalimu anatoa jibu, wanafunzi wanatafuta swali. Hapa mkoa wenyewe unatoa mali ghafi. Andika ubaoni "In 2016", na vikundi vishindane kuandika swali linalostahili jibu hilo: "When did Songwe become a region?" Andika "From Mbeya", na swali litakuwa "Which region did Songwe come from?" Andika "In 1970", mwaka ujenzi wa TAZARA ulipoanza, au "1,860 kilometres", urefu wa reli hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Andika "From the sky", na watoto wa Mbozi watakimbilia kalamu kwa ajili ya kimondo chao: "Where did the Mbozi meteorite come from?" Jibu moja linaweza kuwa na maswali mengi sahihi, na kikundi chenye maswali mengi yasiyo na kosa ndicho kinachoshinda. Mchezo huu unafaa hasa siku ambayo sauti zimechoka au darasa la jirani lina mtihani, maana unachezwa kwa kuandika.

Marekebisho ndiyo yanayoamua kama mchezo utakuwa somo. Mwalimu akimkatiza kila anayekosea, wanafunzi watanyamaza. Asiposahihisha kabisa, kosa litakomaa. Njia ya kati ni hii. Wakati wa mchezo, mpe anayejibu kazi ya ulinzi: akisikia "Where did you slept?" hajibu, anainua kidole kimoja tu, na muulizaji anajaribu tena. Kosa linarekebishwa na yule yule aliyelifanya, bila aibu ya darasa zima. Wewe pita kati ya madawati na kalamu, uandike sentensi sita ulizozisikia, tatu sahihi na tatu zenye makosa, bila majina. Dakika kumi za mwisho ziandike ubaoni na ulitake darasa liamue zipi zisimame na zipi zirekebishwe. Sentensi ambayo mtoto ameitamka mwenyewe robo saa iliyopita anaijali kuliko ile ya kitabuni.

Najua mapingamizi ambayo walimu watayatoa, na yana uzito. La kwanza ni msongamano: michezo inasifiwa na watu waliozoea madarasa ya watoto 20. Lakini hesabu inasema kinyume. Katika kipindi cha kuuliza na kujibu cha kawaida chenye wanafunzi 90, hata mwalimu akiwa mwepesi kiasi cha kumpa kila mmoja nusu dakika, dakika 40 zitaisha wakiwa wamezungumza 80, kila mmoja mara moja. Katika mchezo wa mpakani, kila mmoja anauliza angalau maswali matano. Darasa kubwa ndilo lenye sababu kubwa zaidi ya kuzungumza kwa wawili wawili. Kelele ni kweli itakuwepo. Mwambie mkuu wa shule mapema, weka ishara moja ya kunyamaza kama mkono juu, na ifanyie mazoezi kabla ya mchezo wa kwanza.

Pingamizi la pili ni kwamba wakiachiwa watazungumza Kiswahili, na wataambukizana makosa. Watazungumza Kiswahili, ndiyo, hasa wakipatana nje au wakibishana nani kashinda, na hilo lisikutishe. Kinachotakiwa kiwe Kiingereza ni swali lenyewe na jibu lake. Atakayeuliza kwa Kiswahili hajibiwi, basi. Viboko na kibao cha aibu kwa aliyezungumza Kiswahili havijawahi kumfundisha mtu kuunda swali. Vinamfundisha kukaa kimya. Kuhusu kuambukizana makosa, kumbuka kwamba "Did you went" ni hatua ya njiani. Aliyefika hapo ameshajifunza kuleta "did" mbele, bado kukirudisha kitenzi. Ukimya ndio unaopaswa kutuogopesha, kwa sababu anayenyamaza hatujui yuko hatua ipi.

La tatu ni muda na mtihani. Mada ni nyingi, na mtihani wa darasa la saba au wa kidato cha pili haumuulizi mtu kucheza. Lakini mtihani huohuo humtaka mwanafunzi abadilishe sentensi kuwa maswali, apange mazungumzo, na asome habari akajibu. Aliyetunga maswali mamia kwa mdomo katika muhula anayatambua kwa haraka kwenye karatasi. Sisemi michezo ijaze juma zima. Kipindi kimoja kwa juma, na dakika tano za mwisho katika vingine, vinatosha, mradi ni kila juma na si siku ya wageni tu. Kwa mwalimu ambaye Kiingereza chake mwenyewe hakimpi ujasiri, michezo hii ni nafuu: maswali matano ya mpakani unaweza kuyaandaa jana yake, na darasani kazi yako ni kusikiliza kuliko kuhutubia.

Limebaki pingamizi zito zaidi: kwamba tatizo ni sera ya lugha, na michezo haiwezi kulitatua. Tangu ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984, inajulikana kwamba wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametetea kwa miaka mingi kwamba kukifundisha Kiingereza vizuri kama somo ni jambo moja, na kukitumia kufundishia masomo mengine ni jambo lingine. Mimi naona hoja hiyo inaupa uzito ushauri huu badala ya kuupunguza. Lugha ya kufundishia ikibaki Kiingereza, mtoto wa Momba anayeingia kidato cha kwanza asiyeweza kuuliza swali atazama katika kila somo. Ikigeuka Kiswahili, Kiingereza kitabaki somo ambalo wazazi wanalitaka na ambalo mji wa mpakani unalihitaji, maana ng'ambo ya Nakonde ndiyo lugha ya shule na ya ofisi. Kwa vyovyote vile, somo linahitaji kufundishwa vizuri, na hilo liko mikononi mwa mwalimu hata kabla sera haijabadilika.

Basi anza kidogo. Juma la kwanza fanya onyesho la katoni na mchezo wa mtu wa historia. Juma la pili cheza mpakani. Juma la tatu toa majibu yatafutiwe maswali, na la nne walete mashahidi. Kila mwisho wa juma, chagua wanafunzi kumi bila mpangilio na umwambie kila mmoja akuulize wewe swali moja kuhusu ulichofanya jana, usilolipanga naye. Andika wangapi wameunda swali sahihi bila kusaidiwa. Idadi hiyo ikipanda, endelea. Ikikwama, usirudi kwenye kanuni ubaoni. Angalia kwanza kama katika michezo yako wanaouliza ni wote au ni wale wale wa dawati la mbele, kisha wape nafasi waliobaki.